Maji, Moto na Gasketi: Historia Fupi ya Kichwa cha Injini ya Trekta

Leo tunaweka kando mbegu na mbolea, tunaingia karakana.

Yako malalamiko ambayo bwana shamba huyasikia kila msimu unapokaribia. Trekta la kikundi lilichemsha. Fundi akaitwa, akafungua kichwa cha injini, akaweka gasketi mpya, pesa ya kikundi ikatoka. Baada ya siku nne au tano za kulima, maji yanachuruzika tena ubavuni mwa injini. Inanunuliwa gasketi nyingine. Mvua nayo haingoji. Majirani wenye jembe la mkono wameshapanda, na shamba kubwa la kikundi bado ni nyasi.

Hapo kila mtu hutafuta mchawi. Wengine husema mwenye duka ameuza gasketi mbovu. Wengine husema dereva hajui kazi. Ni wachache wanaouliza swali la msingi: gasketi hii ni kitu gani, na iliingiaje katika injini? Maana zamani zilikuwapo injini zilizofanya kazi bila gasketi ya kichwa kabisa. Tukiijua historia hiyo tutaona kwamba gasketi haizuii maji kwa nguvu zake yenyewe. Imelazwa kati ya vyuma viwili, na kinachozuia maji ni usawa wa vyuma hivyo na mbano wa boliti zake. Hilo ndilo neno letu la leo.

INJINI ILIYOCHEMKA KAMA SUFURIA

Injini ya viharusi vinne, ambayo ndiyo mama wa injini zetu za petroli, ilifanywa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Mjerumani mwingine, Rudolf Diesel, aliendesha kwa mafanikio injini yake kule Augsburg mwaka 1897. Injini zote mbili zina tabia moja: moto unawaka ndani ya chuma. Sehemu ya joto la mafuta inageuka kuwa nguvu ya kazi, sehemu inatoka na moshi, na sehemu kubwa inabaki katika chuma. Joto hilo lisipoondolewa, pistoni itavimba na kukwama ndani ya silinda. Ndiyo maana maji yakaletwa.

Injini za mwanzo za shambani zilipozwa kwa njia nyepesi. Juu ya silinda palikuwa na beseni lililo wazi. Unamwaga maji kwa ndoo, injini inafanya kazi, maji yanachemka na kuondoka kama mvuke, unaongeza mengine. Ilikuwa kama kupika maharage: ukisahau kuongeza maji, yanaungua.

Baadaye ikaja njia ya maji kuzunguka yenyewe. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hupanda, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Wengi mmeona jambo hili katika mashine za kusaga nafaka. Injini ya Lister CS ya kutoka Dursley, Uingereza, ambayo ilianza kuuzwa karibu na mwaka 1930, ilisaga mahindi na kuvuta maji katika nchi nyingi, na India nao wakaiiga kwa wingi. Ile ya nguvu ya farasi 6 ilizunguka polepole, mara 650 kwa dakika. Nyingi zilisimama karibu na pipa la maji, na kati ya pipa na injini palikuwa na mabomba mawili tu, bila pampu. Mwenye mashine ya namna hiyo akumbuke jambo moja: maji ya pipa yakishuka chini ya tundu la bomba la juu, mzunguko unakatika, hata kama pipa bado lina maji mengi.

Hapo hapo likaonekana tatizo ambalo halijatuacha mpaka leo. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa. Tazama sufuria la chai la mahali penye maji magumu, utakuta ukoko mweupe ndani. Ukoko huo huo hujijenga ndani ya njia za maji za injini. Ukoko hauruhusu joto kupita upesi, kwa hiyo chuma kinakuwa na moto mwingi upande mmoja na mdogo upande mwingine. Chuma cha namna hiyo hupinda. Kumbuka neno hilo, maana tutarudi kwake.

KICHWA KINACHOFUNGUKA

Katika injini nyingi za zamani silinda na kichwa chake vilimiminwa kiwandani kuwa kipande kimoja. Faida yake ilikuwa kwamba hapakuwa na kiungo kati ya moto na maji, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kuvuja. Hasara yake iliwaumiza mafundi. Ili kukwangua masizi na kuhudumia pistoni, ililazimu kung'oa silinda nzima.

Mwaka 1908 Henry Ford wa Marekani alitoa gari lake la Model T. Silinda zake nne zilikuwa katika bloku moja, na kichwa chake kilifunguka kwa boliti. Hakuwa mtu wa kwanza duniani kufikiri hivyo, lakini gari hilo liliuzwa kwa mamilioni na mtindo ukaenea. Mwaka 1917 likafuata trekta lake, Fordson, nalo lilikuwa na kichwa kinachofunguka na maji yanayozunguka yenyewe bila pampu. Sasa mkulima mwenye spana aliweza kufungua injini yake chini ya mti.

Lakini urahisi huo ulikuja na gharama yake. Ulipokuwa chuma kimoja, sasa ni vyuma viwili. Moto uko katikati, na maji yanapanda kutoka bloku kuingia kichwani kupitia matundu mengi. Katika injini nyingi oili nayo hupita hapo hapo. Vitu vitatu visivyopatana, moto, maji na oili, vinakaa jirani, na kinachovitenganisha ni karatasi moja tu ya gasketi. Wakati ule karatasi hiyo ilikuwa shaba nyembamba pande mbili, na katikati yake asbesto, kwa sababu asbesto haiungui.

Kwa nini isiwe chuma juu ya chuma, bila kitu katikati? Kwa sababu hakuna chuma kilicho laini kabisa. Hata kikipigwa mashine, hubaki na vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Gasketi hubonyea na kujaza mabonde hayo. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Inaweza kujaza bonde dogo. Shimo la kutu au kichwa kilichopinda haikiwezi. Mpe gasketi kazi isiyo yake, nayo itakuaibisha.

FUNZO LA KONGWA

Tuje nyumbani. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakutosha, kwa hiyo yakanunuliwa mitambo iliyotumika katika vita, mingine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikapewa jina la Shervick.

Mpango ulifutwa Januari 1951, baada ya hasara ya pauni milioni 36 hivi. Sisemi kwamba uliangushwa na gasketi. Uliangushwa na mvua haba, udongo unaogeuka kuwa kama saruji wakati wa kiangazi, na haraka ya wapangaji waliopanga kabla ya kuujua mchanga wa Kongwa. Lakini mitambo nayo ina sehemu katika habari hiyo. Ilikuja imechoka, ilikuwa ya aina nyingi, vipuri vilikuwa ng'ambo, na maji ya Kongwa yenyewe yalikuwa ya shida.

Funzo kwetu ni hili: trekta si chuma peke yake. Trekta ni chuma, maji safi, kipuri kinacholingana nalo, na mtu aliyefundishwa. Kimoja kikikosekana, vingine havisaidii.

FERGUSON, MASSEY FERGUSON NA SLIVU ZA MAJI

Mwaka huo huo wa 1946, kule Coventry, lilianza kutengenezwa trekta dogo la kijivu la Ferguson TE20. Mpaka mwaka 1956 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya laki tano. Injini yake ya Standard ilikuwa na jambo ambalo fundi asipolijua ataharibu kazi: slivu za maji.

Slivu ni bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Slivu kavu imekazwa ndani ya chuma cha bloku, haigusi maji. Slivu ya maji imezungukwa na maji yenyewe, na chini yake kuna kizibo kinachozuia maji yasiingie kwenye oili. Katika Ferguson ile vizibo hivyo vilikuwa na umbo la tarakimu nane, kimoja kwa silinda mbili.

Sasa sikiliza vizuri, ndugu fundi. Kichwa kikiwa kimefungwa, kinazikandamiza slivu chini. Ukikifungua, hakuna tena kinachozishika. Ukizungusha injini wakati huo, labda ili upate kusafisha juu ya pistoni, pistoni hupanda na slivu, na kizibo cha chini huhama au hukatika. Utaweka gasketi mpya ya juu, utafunga vizuri kabisa, na maji yataingia kwenye oili kutokea chini. Lawama ataipata mwenye duka la gasketi. Dawa yake ni kuzibana slivu kwa vipande vya bomba na boliti kabla ya kuzungusha chochote.

Slivu ya maji ina sharti jingine. Lazima ichomoze kidogo sana juu ya bloku, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha injini, ili iibane gasketi kuizunguka silinda. Slivu moja ikizama kuliko wenzake, gasketi itaungua mahali hapo hapo kila mara.

Massey Ferguson 135, lililotoka miaka ya 1960 na ambalo wengi wetu tunalijua, lilikuja na injini ya Perkins ya dizeli yenye silinda tatu. Hiyo slivu zake ni kavu. Kwa hiyo mazoea ya trekta moja usiyahamishe kwa jingine. Kwanza uliza: slivu za injini hii ni kavu au za maji?

KUISOMA GASKETI ILIYOTOKA

Wewe mkulima unapomwona mgomba umenyauka, hukimbilii kupanda mwingine. Unachimba kwanza uone kama ni fukusi au ni kitu kingine. Na gasketi iliyotoka ni vivyo hivyo. Usiitupe. Ilaze juani uisome.

Ukiona mstari mweusi kutoka tundu la silinda kwenda tundu la maji, moto ulipita hapo. Gesi hiyo ndiyo iliyokuwa inasukuma maji nje ya rejeta, na watu wakadhani mfuniko ni mbovu. Ukiona michirizi ya kutu kutoka tundu la maji kwenda nje, hapo maji ndiyo yaliyopita. Ukiona upande mmoja umebonyea sawasawa na upande mwingine haukuguswa sana, mbano haukuwa sawa: ama kichwa kimepinda, ama boliti za upande huo zilikazwa ovyo. Sababu ikishajulikana, ndipo ununue mpya.

Kisha kazi ifuate utaratibu ambao mafundi wa vizazi vyote hivi wamejifunza kwa hasara:

Kwanza, injini ipoe kabisa. Mwaga maji yote kabla ya kufungua. Legeza boliti kidogo kidogo, ukianzia za nje kwenda katikati. Kichwa kikifunguliwa na moto wake hupinda.

Pili, safisha nyuso zote mbili mpaka chuma kionekane, bila kuchimba. Usitumie patasi. Ziba matundu ya maji na oili kwa vitambaa ili uchafu usizame, na vitambaa vyote vitoke kabla ya kufunga. Vihesabu.

Tatu, pima usawa. Chukua rula ya chuma iliyonyooka, isimamishe kwa ubavu wake juu ya kichwa: kwa urefu, kwa upana, na kwa pembe mbili za mshazari. Penyeza chini yake kipimo cha mabati membamba. Mwanya ukizidi kiasi cha kitabu, kichwa kiende mjini kikapigwe fesi, na wakati huo huo kipimwe nyufa. Fanya hivyo na kwa bloku. Wengi hupima kichwa na kusahau bloku, kana kwamba ndoa ina mtu mmoja.

Nne, tazama matundu ya boliti. Tundu likiwa na maji au oili chini, boliti itagota juu ya maji hayo kabla ya kubana. Utaona imekaza, kumbe haijagusa kazi, na bloku yaweza hata kupasuka. Kausha matundu, safisha nyuzi za boliti. Katika baadhi ya injini boliti fulani huingia mpaka kwenye maji. Hizo hutaka dawa ya kuziba kwenye nyuzi, la sivyo maji yatapanda kwa njia ya nyuzi na utadhani gasketi inavuja.

Tano, gasketi iwe ya injini hiyo hiyo. Ilaze juu ya bloku ukague tundu kwa tundu. Ina upande wa juu na upande wa mbele. Ikigeuzwa, njia ya maji au ya oili huzibika. Usipake grisi, na usipake gundi ya silikoni isipokuwa kitabu kimesema. Silikoni iliyozidi huminywa ndani, hukatika, na kwenda kuziba njia za rejeta.

Sita, kaza kwa spana yenye kipimo, ambayo mafundi huiita toki. Anzia katikati uelekee nje, kwa zamu, na kwa hatua: mzunguko wa kwanza kidogo, wa pili zaidi, wa tatu mpaka kipimo cha kitabu. Ni kama kufunga boliti za gurudumu, huwezi kumaliza moja ndipo uende nyingine. Injini nyingi za zamani hutaka kukazwa tena baada ya kupata moto. Baadhi ya injini mpya zina boliti zinazovutika, na hizo hutumika mara moja tu. Soma kitabu.

MAJI YENYEWE, NA ASBESTO

Ndugu mkulima, kazi yote hiyo huharibiwa na ndoo moja ya maji ya chumvi. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, pamoja na kulanti inayofaa injini yako. Kulanti huzuia kutu, na huzuia maji yasichemke upesi. Jambo hilo ni muhimu zaidi kwa wenzetu wa nyanda za juu kama Njombe. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka karibu na digrii 93, wala hayangoji 100. Ndiyo sababu mfuniko wa rejeta una springi: unayabana maji ili yachelewe kuchemka. Mfuniko uliolegea ni ugonjwa wa injini, usiufunge kwa kitambaa. Na injini ikichemsha, usiimwagie maji baridi. Iache ipoe yenyewe, maana kichwa cha moto kikipata maji baridi hupasuka.

Angalizo kubwa: kulanti nyingi ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mbwa na mbuzi huinywa. Watoto pia. Usiimwage uani, na galoni lake lisigeuzwe la kuchotea maji.

Na ile asbesto ya gasketi za zamani imejulikana kuwa vumbi lake huleta saratani na ugonjwa wa mapafu. Uingereza ilikamilisha kuipiga marufuku mwaka 1999. Gasketi nyingi za leo ni za grafaiti au za mabati ya chuma yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Lakini trekta kuukuu laweza kuwa bado na ile ya zamani. Usiikwangue ikiwa kavu wala usiipulize kwa upepo wa kompresa. Ilowanishe kwa maji, itoe taratibu, ifunge katika mfuko, watoto wakae mbali.

KABLA YA KURUDI SHAMBANI

Kichwa kikishafungwa, jaza maji na uiache injini usiku mzima bila kuiwasha. Asubuhi legeza kidogo nati ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, kwa hiyo yakiwapo yatatoka ya kwanza. Ukiona matone ya maji, usiwashe. Umeokoa injini kwa gharama ya usiku mmoja. Ukiona oili tupu, kaza nati, washa, na tazama rejeta: mapovu yasiyokoma ni gesi inayopita. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, zima mara moja.

Nawaomba viongozi wa vikundi jambo moja la mwisho. Fundi akiwaambia kichwa lazima kipelekwe mjini kupigwa fesi, msimwone anatafuta hela. Nauli na malipo ya mashine yanauma, lakini gasketi mbili zilizoungua na wiki ya mvua iliyopotea zinauma zaidi. Na fundi anayetaka kufunga bila kupima, mwulizeni kwa heshima: bloku umeipima?

Tangu 1908 mpaka leo, mafuta yamebadilika, matrekta yamebadilika, hata kitu kilicho ndani ya gasketi kimebadilika. Sharti halijabadilika: chuma kisafi, chuma sawa, mbano sawa, maji safi. Mwenye kulishika hilo atafungua kichwa cha injini mara moja, kisha ataenda kulima.

Mpaka kipindi kijacho, ndugu mkulima, nakutakia kazi njema na mvua za kutosha.